Ushauri: Magari matano kwenda migodi ya zamani Saza, Saba Saba hii. Tuingie mashimoni au tuishie juu?

Mwana wa Iwambi

Habari za jioni wakuu. Naomba ushauri, hasa kwa aliyewahi kufika huko.

Tuko marafiki 14, magari matano: Land Cruiser mkonga mbili, Prado, Land Rover 110 na RAV4 moja. Tumepanga siku tatu za Saba Saba. Tunatoka Mbeya mjini, tunapanda Isongole, Chunya, Makongolosi, tunaingia Saza, kisha tunarudi kwa Mkwajuni na Galula hadi tunatokea Mbalizi. Tumechagua Julai kwa sababu makorongo yamekauka. Baridi tumezaliwa nayo.

Kwangu safari hii si matembezi tu. Babu yangu mzaa baba alitoka Rungwe kwenda kufanya kazi New Saza. Mgodi ule ulianza 1939 ukafungwa 1956, na Tanganyika nzima ni Geita peke yake iliyoupita kwa dhahabu. Babu alikuwa anashika mashine ya kutoboa mwamba. Alirudi nyumbani na baiskeli, mablanketi mawili na kikohozi. Mimi sikumkuta. Shangazi anasimulia kwamba usiku wa baridi kama hizi alikuwa analala ameketi, ameegemea ukuta, maana akijinyoosha pumzi inakata.

Sasa wenzangu watatu wameshanunua kofia ngumu, taa za kichwani na kamba ya mita 50. Wanataka tushuke kwenye mashimo yaliyoachwa. Mimi ndiye niliyeitisha msafara, na wazazi wa wawili kati yetu wamenipigia simu kunikabidhi watoto wao. Nami sitawaficha, moyo wangu unataka kushuka. Nataka kuona alichokiona babu.

Naomba mnisaidie: tushuke au tusishuke? RAV4 itafika? Na usiku wa kwanza tunataka kupiga mahema juu kabisa Isongole, tumepanga kubeba majiko mawili ya mkaa. Kuna tatizo?

---

Suka wa Mkwajuni

Mkuu, mimi njia hiyo naipita na mzigo, kwa hiyo nitajibu ya barabara, ya mashimo nawaachia wenyewe.

Mbeya hadi Chunya ni lami, kilomita kama 72, na lami inaendelea hadi Makongolosi. Msidharau kipande hicho kwa sababu ya lami. Pale juu barabara inapita zaidi ya mita 2,400, na asubuhi za Julai ukungu unashuka hadi huoni boneti yako. Malori yanapanda taratibu, mengine yameharibika katikati ya kona na dereva ameweka majani tu barabarani. Ondokeni jua likishatoka, si alfajiri. Washeni taa za chini. Ukiwasha za juu kwenye ukungu unajipofusha mwenyewe. Kushuka upande wa Chunya shukeni na gia, msikalie breki, kwa sababu ukiisikia inanuka umeshachelewa.

Baada ya Makongolosi ndipo vumbi linapoanza. Acheni nafasi kati ya gari na gari, wa nyuma asimeze vumbi la wa mbele. Kwenye makorongo ya mchanga punguzeni upepo hadi kama PSI 20, pita mwendo mmoja bila kusimama, na mbebe pampu ya kurudishia. RAV4 kwenye njia kuu ya kiangazi itapita, ila kwenye vijia vya porini kuelekea mashimo ya zamani iacheni kijijini. Iko chini, na vijia vile vina visiki vilivyokatwa kwa panga vimebaki vimechongoka. Ni visiki vinavyomaliza matairi huko, mawe hayana shida sana. Kila gari spea mbili kama mnaweza.

Na jambo moja watu wa mjini wanalisahau: mkishuka kule chini baridi inawaacha. Mtakuta joto, mbung'o na mbu. Bebeni vyandarua pamoja na hayo makoti.

---

Duara la Tisa

Nimechimba Chunya miaka kumi na moja, Itumbi, Matundasi na kwingine. Nasoma uzi huu nimekaa kitako, kwa sababu nimeshasaidia kubeba watu.

Ndugu yangu, msishuke.

Watu wakifikiria hatari ya shimo la zamani wanafikiria kuangukiwa. Hiyo ipo. Matimba yaliyowekwa na wazee yameoza, unaligusa gogo kwa bega tu na juu yake kuna tani za mwamba. Lakini kinachoua kimyakimya ni hewa. Duara, yaani shimo la wachimbaji, likiwa linachimbwa lina watu, lina blowa inayosukuma hewa kwa bomba hadi chini. Duara lililoachwa halina kitu. Mbao zinazooza na mawe yenye madini yanakula oksijeni, na hewa ya ukaa ni nzito, inatuama chini kama maji kisimani. Huioni, haina harufu. Unashuka mita nane uko salama, ya tisa miguu inalegea, na mikono inaachia kamba kabla akili haijajua kuna nini.

Mtasikia watu wanasema shuka na mshumaa, ukizimika panda. Mshumaa unazimika oksijeni ikifika kama asilimia 16, wakati hewa ya kawaida ina karibu 21. Kwenye 16 tayari umeanza kulewa, huwezi kuamua vizuri. Na kuna gesi ya moshi, ile kaboni monoksaidi, ambayo mshumaa hauijui kabisa, unaendelea kuwaka na wewe unakufa. Mchimbaji akiwasha pampu ya petroli ndani ya shimo kutoa maji, gesi hiyo ndiyo inayomuua.

Mwaka 2014 sehemu moja (naomba nisiitaje, ndugu zao wapo) kijana alishuka duara la zamani kuokota mawe. Kimya. Kaka yake akashuka kumtoa. Kimya. Wa tatu tulimshika kwa nguvu, watu wanne, analia anatutukana. Tulipoleta blowa ikapuliza muda mrefu ndipo tukashuka, na hawakuwa na jeraha lolote. Walikuwa kama wamelala. Ndiyo maana nakuuliza wewe kiongozi: mmoja wa hao kumi na wanne akinyamaza chini, una uhakika utaweza kuwazuia wengine kumi na wawili? Utaweza kujizuia wewe?

Hata juu kwenyewe tembeeni mstari mmoja nyuma ya mwenyeji. Mashimo mengi hayana uzio, nyasi za kiangazi zimelala juu yake kama mkeka. Na msisogelee ukingo, kwa sababu mara nyingi kwa chini umeliwa, unasimama juu ya hewa.

---

Kamba Mita 50

Mimi ni mmoja wa wale watatu. Kwa heshima zote, kaka Duara, wachimbaji wadogo wanashuka kila siku kwa kamba na tochi, na wengi wana vifaa vibaya kuliko vyetu. Sisi tumefanya mazoezi ya kushuka kwa kamba, tuna hanesi, mikanda ya kujifunga mwilini. Kwa nini kwetu iwe kifo?

---

Duara la Tisa

Mdogo wangu, swali lako ni zuri na sijakasirika. Mchimbaji anashuka duara analolijua, jana alikuwemo, anajua ukuta upi unalia na upi umetulia. Anajua hewa inaingilia wapi. Shimo lililoachwa zaidi ya miaka sitini hakuna hai anayelijua. Kamba inakusaidia usianguke, haikusaidii kupumua. Kama mnaona ni lazima, mpate kipimo cha gesi kinachopima oksijeni na kaboni monoksaidi, blowa, timu ya uokoaji yenye mitungi ya hewa, na ruhusa ya Afisa Madini Mkazi ambaye ofisi yake iko hapo Chunya. Mkishapata hivyo vyote ndipo tuzungumze. Kofia na tochi ni vya kuendea, si vya kurudia.

Halafu eneo karibu lote lile lina leseni za watu. Kuonekana kwako msituni na kamba na nyundo, mwenye eneo anajua umekuja kuiba mawe. Anzeni kwa mtendaji wa kijiji na mwenyekiti, jitambulisheni, mpewe mtu.

---

Sista wa Uyole

Mimi ni muuguzi, nitagusa mambo mawili.

Majiko ya mkaa yasiingie hemani, wala yasiachwe mlangoni. Gesi aliyoieleza Duara la Tisa ni hiyohiyo inayotoka kwenye mkaa. Kila msimu wa baridi hapa Mbeya tunapokea watu waliolala na jiko chumbani, na wengine hawafiki wakiwa hai. Kichwa kikiuma, kichefuchefu, usingizi mzito, toka nje haraka. Ota moto nje, zima, kisha ingia hemani na soksi mbili, kofia ya sufu na chupa ya maji ya moto ndani ya blanketi. Chini wekeni mkeka mnene, kwa sababu baridi ya Isongole inapanda kutoka ardhini. Kama kuna mwenye pumu, alale Chunya.

La pili ni popo. Mashimo ya zamani ni nyumba zao. Mwaka 2007 wachimbaji wa mgodi wa Kitaka, magharibi mwa Uganda, walipata ugonjwa hatari wa Marburg, na mgodi ule ulikuwa umejaa popo wanaokula matunda. Hapa kwetu ugonjwa huo ulitokea Kagera mwaka 2023. Sisemi popo wa Chunya wanao. Nasema usiende kupumua kinyesi chao mahali pasipo na hewa.

Na yale madimbwi na marundo ya marudio, mabaki ya mawe yaliyokwishatolewa dhahabu, yaliyosagwa laini kama unga, msikanyage pekupeku wala msinawe. Kuna zebaki, na penginepo sayanaidi.

---

Mzee wa Lupa

Nimechelewa, mjukuu ndiye anayenisomea.

Mwana wa Iwambi, ugonile. Babu yako namwelewa bila kumjua. Hicho kikohozi tulikiita cha mawe. Mashine zetu zilitoboa mwamba bila maji, vumbi la jiwe linaingia kifuani na halitoki. Wengi walirudi Rungwe, Ileje na Nyasa wakiwa nacho, na nyumbani wakasemwa wamerogwa.

Unataka kuona alichokiona. Mwanangu, mle chini alikuwa haoni kitu. Taa ndogo, vumbi na kelele. Alichokiona na kukipenda kilikuwa juu: jua akitoka zamu, mto, wenzake wanaopika. Nenda Saza uulize wazee waliobaki ni wapi wafanyakazi walikuwa wanaishi na ni wapi wamezikwa waliokufa huko. Kuna makaburi yasiyo na jina. Watu wa magari huwa hawaulizi makaburi, wanauliza mashimo.

Nenda na shangazi yako kama ana nguvu. Kama hana, mrekodi kabla hujaondoka: kijiji alichotoka babu yako, majina yake yote pamoja na lile la ubatizo, na mwaka aliorudi. Mzee wa kule ukimtajia jina la ukoo anaweza kukumbuka.

---

Mwana wa Iwambi

Shikamoo mzee. Ndaga fijo, asante sana. Nimesoma ujumbe wako mara tatu, na mara ya tatu nimemsomea shangazi kwa simu. Alinyamaza muda mrefu, kisha akasema babu alikuwa anamtaja rafiki mmoja wa huko ambaye hakurudi. Jina analo. Hakuwahi kulitaja kwa mtu kwa sababu hakuna aliyeuliza.

Wakuu, tumekaa kikao jana usiku. Hatushuki. Wawili wamekubali. Kamba Mita 50 bado hajafurahi ila amesema atakuja, na kamba yake itatumika kuvuta magari. RAV4 inabaki Chunya. Majiko ni ya nje tu. Nitaandika barua kwa mtendaji wiki hii na nitapita ofisi ya madini kabla ya safari.

Shangazi anakuja. Ana miaka 71, magoti yanamsumbua. Suka wa Mkwajuni, kati ya mkonga na Prado, nimpandishe ipi kwa kipande cha Makongolosi hadi Saza?

---

Suka wa Mkwajuni

Prado, kiti cha mbele, iwe gari ya kwanza asile vumbi. Simameni kila baada ya saa moja ajinyooshe. Mkifika Mkwajuni nitafuteni hapa, nitawapeleka kwa mzee mmoja aliyekulia Saza.