Risasi haiogopwi mezani kwangu, naombeni ushauri

Dadu_Kavu
Wakuu, salaam. Naendesha D&D toleo la 5 (Dungeons & Dragons, mchezo wa mezani wa kuigiza wahusika kwa dadu), ila dunia yetu ni ya leo, ya magari na bunduki. Namba za madhara nimezitoa kwenye mwongozo wa GM (mwendesha mchezo) wa 2014: bastola 2d6 (yaani jumla ya dadu mbili za pande 6), bunduki ya marisau 2d8, ya kuwindia 2d10. Tatizo ni hili: mpiganaji wa levo 5 anaelekezewa bastola usoni, anaangalia HP (pointi za uhai) zake 44, anacheka na kusonga mbele. Nataka risasi iogopwe. Nipandishe dadu hadi ngapi? Tunacheza Jumamosi, nimekwama.

Nyundo
Wape majambazi mzinga. Uzi ufungwe.

Bi_Takwimu
Kabla ya kupandisha chochote, hesabu unachokipiga. Jambazi mwenye +4 akimlenga mtu wa AC (ugumu wa kupigika) 18 anahitaji 14 kwenda juu kwenye dadu ya pande 20, yaani asilimia 35. Bastola na wepesi wa +2 ni wastani wa 9. Ukijumlisha na zile 20 safi, ambazo dadu za madhara zinakuwa mara mbili, kila risasi inayofyatuliwa ina thamani ya HP 3.5. Huyo mpiganaji anaanguka baada ya risasi 13 hivi. Ndiyo maana anacheka.

Sasa weka majambazi sita. Ni HP 21 kwa raundi, mtu yuko chini baada ya raundi mbili na kidogo. Ukifanya bastola iwe 4d6, hao sita wanatoa karibu 38 kwa raundi moja. Bunduki moja bado haitishi, sita zinafagia meza. Majambazi wako ni wangapi?

Pazia_Jeusi
Mkuu, unahangaika na mfumo ambao haukujengwa kwa bunduki. Hamia mchezo wa Call of Cthulhu toleo la 7. HP ni CON (uimara) jumlisha SIZ (ukubwa wa mwili), gawa kwa 10. Mtu wa CON 55 na SIZ 65 ana 12, basi, hata acheze miaka mitano. Marisau ya karibu ni 4D6, wastani 14. Pigo moja likizidi HP zako zote, umekufa. Likifika nusu ni jeraha kubwa: unaanguka, na usipofaulu mrusho wa CON unazimia. Hakuna mtu anayecheka pale.

Mizani
Au mfumo wa GURPS. HP 10 kwa mtu wa kawaida, bastola ya milimita 9 ni 2d+2. Ukishuka hadi 0 unarusha dadu za HT (afya) kila sekunde ili usizimie, ukifika -10 unarusha ili usife, na kwenye -50 umekufa bila mjadala. Mfumo umekuwepo tangu 1986 na haujahitaji kiraka cha mtu.

Dadu_Kavu
Sihami mfumo wakuu, wahusika wameshajengwa na kampeni iko katikati. Nimeuliza dadu ngapi tu. Halafu tayari mmoja ameshakufa, kwa hiyo sitaki maneno mengi.

Bi_Takwimu
Subiri. Juu umesema risasi haiogopwi, hapa kuna maiti. Amekufaje?

Dadu_Kavu
Mchawi. Levo 5, Uimara 12, HP 27. Jambazi wa kawaida, bastola moja, risasi moja, madhara 31. Mchezaji amenuna mpaka leo. Lakini swali langu halikuwa hilo.

Jicho_Kali
Chai hii wadau. 2d6+2 haipiti 14. Akirusha 20 safi inakuwa 4d6+2, kilele chake 26. Mchawi ana 27! Yaani pigo kubwa kuliko yote ambalo bastola hiyo inaweza kutoa linamwacha na HP 1, amesimama. Na hata tukikupa hiyo 31, anashuka hadi 0 na zinabaki 4. Kufa papo hapo kunataka zilizobaki zifikie HP zake zote, yaani 27. Alitakiwa alale chini na kurusha dadu za kufa, zile zinazoamua kama anapona au anakufa. Mleta uzi anatunga.

Nyundo
Na sisi tumekaa na vikombe mkononi.

Pazia_Jeusi
Nilijua. Anayeendesha kweli angetaja AC kwenye posti ya kwanza.

Dadu_Kavu
Si chai. Kwenye bunduki dadu zangu zinalipuka: ukipata 6 unarusha tena na kuongeza. Ya kwanza ilitoa 6, 6, 4. Ya pili 6, 6, 1. Weka wepesi 2, ni 31. Na anayeangushwa na risasi harushi dadu za kufa, anakufa. Mtu akipigwa risasi anakufa, ndiyo uhalisia.

Bi_Takwimu
Wachezaji walijua hayo mawili?

Dadu_Kavu
Niliwaambia mapema kwamba bunduki zitakuwa hatari.

Jicho_Kali
Dadu zote mbili kutoa 6 mara mbili mfululizo ni nafasi 1 kwa 1,296. Bado nanusa majani.

Bi_Takwimu
Jicho, njia hiyo moja ni nadra, lakini angalau dadu moja kulipuka ni 11 kwa 36, karibu risasi moja kati ya tatu. Mtego wa kulipuka uko hapo. Wastani wa 2d6 unatoka 7 hadi 8.4 tu, kwa hiyo GM akijaribu mara chache anaona hakuna kilichobadilika. Kilichobadilika ni mkia: hauna mwisho. Na mkia huo unawaangukia wachezaji, kwa sababu jambazi anapigwa vita moja anatoweka, mchawi anapigwa kampeni nzima.

Mizani
Na uhalisia usiusingizie. Risasi ya bastola haimwangushi mtu kwa lazima. Anaanguka papo hapo ikigusa ubongo au uti wa mgongo sehemu za juu. Vinginevyo ni damu kupotea hadi shinikizo lishuke, na hapo katikati anaweza kukimbia au kufyatua yeye. Ukitaka uhalisia, weka damu: aliyepigwa anapoteza 1d4 mwanzo wa kila zamu hadi mtu atumie tendo lake kumhudumia, ugumu 10 (mrusho wake ufike 10). Risasi ya pili isiongeze 1d4 nyingine, la sivyo utajaza karatasi mahesabu. Hofu inatoka kwenye kuchagua: niendelee kupigana au nimzibe mwenzangu?

Mlezi_wa_Meza
Ndugu, sheria ambayo meza haikuisikia haimfungi mchezaji. Gygax mwenyewe, mmoja wa waanzilishi wa mchezo huu, aliandika mwaka 1979 kwamba HP si nyama tupu, ndani yake kuna ujuzi na bahati. Mpiganaji "akipigwa" 9, simulia risasi ikichana bega la koti na yeye akijitupa nyuma ya gari. Damu iweke kwenye zile HP za mwisho. Na mchawi mrudishe: yuko kwenye 0, arushe dadu zake za kufa kama kitabu kinavyosema.

Dadu_Kavu
Mchawi harudi. Mchezaji ameshaanza mhusika mpya na karatasi za sheria nimeshachapa. Nikirudi nyuma leo, kesho kila kifo kitakuwa na rufaa.

Mlezi_wa_Meza
Kumbe ushauri ulikuwa wa mapambo.

Bi_Takwimu
Basi kwa walio hai: futa kulipuka, weka kizingiti. Sheria ya madhara makubwa ya kitabu inataka nusu ya HP kwa pigo moja. Kwa mpiganaji wako ni 22, na bunduki ya kuwindia hata ukimwekea mpigaji +2 inagusa 22 mara 1 kwa 100. Haifanyi kazi. Chukua ya mchezo wa d20 Modern wa 2002: kizingiti ni alama ya Uimara, mrusho wa kujiokoa ugumu 15, ukishindwa unaanguka. Kwako aanguke hadi 0, na dadu za kufa zirudi.

Mpiganaji, Uimara 14: 2d10+2 inafika 14 kwa asilimia 45, na kwa +5 yake anashindwa kujiokoa asilimia 45. Risasi ikimpata, nafasi ya kulala ni 1 kwa 5. Mchawi wa Uimara 12 na +1 inapanda hadi asilimia 42 hivi. Bastola kwa mpiganaji inafika kizingiti mara 1 kwa 36 tu, kwa hiyo wataogopa bunduki ndefu na kuidharau bastola. Ukitaka nayo itishe, 20 safi ivuke kizingiti moja kwa moja. Jaribu peke yako kabla ya Jumamosi, sita dhidi ya wanne, mara kumi.

Dadu_Kavu
Kizingiti nakichukua. Ila kulipuka nabaki nako kwa wachezaji tu, majambazi hapana.

Jicho_Kali
Angalau. Na hiyo dadu iliyotoa 6, 6, 4 ipime. Maji kwenye glasi, koroga chumvi hadi ielee, izungushe kwa kidole. Ikirudia kuonyesha upande uleule, uzito umelala.

Dadu_Kavu
Ni ya shaba, haielei.

Jicho_Kali
Basi irushe mara 300 uandike. 6 inatakiwa itoke kama mara 50. Ikifika 70, itupe.