Mrejesho: Nimerudi salama kutoka Manila

Wadau, mwezi uliopita niliwauliza nitaepukaje kutapeliwa bei nikiwa Ufilipino. Nimerudi juzi, na nawashukuru kwa moyo wote.

Aliyenisisitizia kutembea na chenji aliniokoa. Ukitoa noti ya peso 1,000 kwa safari fupi ya teksi, dereva akasema hana chenji, umeumia. Uwanja wa ndege niliita gari kwa Grab, programu ya simu ya kuita teksi, bei nikaiona kabla ya kupanda, basi.

Nilikoteleza ni Intramuros, ule mji mkongwe wa Wahispania. Mwendesha kalesa, kigari cha farasi, alinitajia bei, nikapanda na mwenzangu. Tuliposhuka akasema ile ilikuwa ya nusu saa, tena kwa kila kichwa! Damu ilinichemka. Nikakumbuka mlivyonionya: Mfilipino ukimfokea mbele za watu umemwaibisha, na hapo hamtaelewana tena. Nikatabasamu, nikamwita "kuya", yaani kaka, nikamwambia tulichopatana ni kile. Nikamwongezea peso 100, tukaachana kwa amani. Ulizeni muda na idadi ya watu kabla hamjakanyaga ngazi.

Kwenye jeepney, zile daladala zao, ndiko nilikowapenda Wafilipino. Nimekaa kule nyuma mlangoni, nikasema "bayad po", yaani malipo haya tafadhali, nauli ikapita mkono kwa mkono hadi kwa dereva, chenji ikarudi vilevile, kamili. Hiyo "po" ni neno la adabu, msiliache. Mama mmoja alinigusa bega kunionyesha kwa ishara nihamishie begi kifuani, kisha akamsimamisha dereva kwa niaba yangu nilipofika.