Naomba ushauri: fondesheni ikae kutwa kwenye joto la Tanga
Dada zangu, naombeni msaada. Ijumaa ijayo mdogo wangu anaolewa hapa Ngamiani, na mimi ndiye msimamizi wake tangu asubuhi mpaka usiku. Uso wangu una mafuta, na joto hili la pwani ndilo linanimaliza: ikifika saa nane mchana fondesheni ya puani na kidevuni imeshameguka, mpaka ushungi unachafuka. Nina losheni nyepesi, fondesheni ya maji na poda, basi. Praima ya silikoni, ile ya kupaka kabla ya fondesheni, niliijaribu, fondesheni ikagoma kushika juu yake. Sasa napaka tabaka moja jembamba kwa sponji iliyoloweshwa na kukamuliwa, nagandamiza bila kusugua. Je, poda niitangulize chini ya fondesheni, au ikae juu tu? Kununua vingine siwezi, hela imeishia kwenye sare.