Ushauri: King'amuzi cha 99,000 kimenifikisha 185,000, na sasa hata chaneli za ndani zimefungwa

MamaK_Chanika:
Wakuu, habari za jioni. Naombeni ushauri, hasa mafundi na waliopitia hili.

Mama yangu mzazi amehamia kwangu. Miguu inamsumbua, hatoki, na kinachomchangamsha ni taarifa ya habari ya saa mbili usiku. Nikaona nimnunulie king'amuzi cha dishi. Bango la dukani: "Seti nzima 99,000, mwezi mmoja bure." Nikalipa.

Yaliyofuata nayatoa kwenye daftari langu. Fundi 30,000, nilidhani yumo kwenye "seti nzima", kumbe hayumo. Akafika, akasema mwembe wa jirani unaziba, dishi halikai ukutani, linataka bomba: 15,000. Waya wa kwenye boksi ni mita 10, na kutoka kwenye bomba hadi chumbani kwa mama ni mita 22. Kila mita ya ziada 1,000, hiyo 12,000. Bodaboda yake 6,000. Siku moja, 63,000, na risiti hakuniachia.

Muuzaji alinihakikishia naweza kuunganisha TV mbili. Ni kweli zinaonyesha, ila chaneli ni ile ile moja. Watoto wakiweka katuni sebuleni, na mama chumbani anapata katuni. Kila TV ikitaka ya kwake ni king'amuzi cha pili, 45,000, na nyongeza kila mwezi. Hapo nilikataa.

Ule mwezi wa bure nao uliisha siku ya 19 tangu dishi lifungwe. Walikiwasha pale pale dukani wakaanza kuhesabu, wakati fundi alikuja baada ya siku 11. Nikalipia kifurushi cha 23,000, mbali na makato ya simu. Jumapili kimeisha, mshahara bado, na chaneli zote zimefungwa, hata zetu za hapa nyumbani. Mama kaniuliza, "Mwanangu, TV imeungua?" Nilikosa la kumjibu.

Chaneli za ndani si zilikuwa bure? Nikiuze? Nihamie antena? Naombeni mwongozo.

Mzee_wa_Ukonga:
Pole sana binti yangu. Mitambo ya analojia ilipozimwa hapa Dar tarehe 31 Desemba 2012, tuliambiwa tununue king'amuzi mara moja, na chaneli za ndani zitaonekana hata usipolipia. Ahadi ile ilihusu ving'amuzi vya antena. Watu wengi mpaka leo wanadhani ni ving'amuzi vyote.

Fundi_Rama:
Mzee kasema kweli, niongezee. Antena inapokea mawimbi ya minara ya hapa hapa nchini, dishi linapokea ya setilaiti, na leseni zake ni mbali mbali. Mwaka 2018 TCRA, mamlaka ya mawasiliano, iliyazuia makampuni ya dishi ya kulipia kubeba chaneli za ndani za bure, kwa kuwa leseni zao hazikuwaruhusu kuwauzia watu kitu cha bure ndani ya kifurushi. Kwa hiyo dada, hata kama dishi lako lilizionyesha ulipokuwa umelipia, ukitaka taarifa ya habari bila kulipa kila mwezi, usiitafute kwenye dishi la kulipia.

Kabla hujatoa shilingi nyingine, geuza TV ya mama usome nyuma, au fungua kitabu chake. Ukikuta DVB-T2, yaani TV yenyewe inaweza kupokea antena ya dijitali bila king'amuzi, azima antena ya nje kwa jirani, chomeka moja kwa moja kwenye TV, halafu tafuta chaneli upya. Zikiingia zinazomtosha mama, umemaliza. Zikigoma, nunua king'amuzi cha antena, lakini mwambie muuzaji akuonyeshe hapo hapo dukani kinavyofanya kazi bila kifurushi. Antena ielekeze zilikoelekea za majirani, na iwe juu ya bati. Zile za ndani ya nyumba huko Chanika zitakusumbua.

Dishi usiuze kwa hasira. Bomba na waya ni mali yako.

Nguchiro:
Lipia kifurushi kidogo kabisa, mama apate raha. Hela inatafutwa.

Fundi_Rama:
Mkuu, hata kifurushi kidogo mara miezi 12 ni hela ya antena kadhaa.

Pwani_Kisauni:
Salamu kutoka Mombasa. Huku analojia ilizimwa 2015, nasi tuliumia vivyo hivyo. Mamangu nilimnunulia kile cha antena cha kulipia mara moja tu, na hajadaiwa mwezi wowote. Fuata ushauri wa fundi, dadangu.

Binti_Sheria:
Suala la siku 11 usiliache. Una risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi, ya duka? Piga huduma kwa wateja wa kampuni, wape namba ya kadi na tarehe aliyokuja fundi, na uandike namba ya malalamiko watakayokupa. Wasipokusikiliza, peleka TCRA; wao hutaka uwe umeanza na kampuni yenyewe. Fundi naye mwambie akuandikie risiti ya ile 63,000. Bila karatasi atasema hajawahi kufika kwako.

MamaK_Chanika:
Mrejesho wakuu. TV ya mama ina T2 kweli. Jana mdogo wangu aliazima antena, akapanda juu ya bati na bomba lile lile la dishi, mimi dirishani nikimwambia "geuza kidogo, rudisha, hapo hapo!" Zimeingia chaneli nne, na ya habari ya mama imo, picha safi. Saa mbili alikuwa ameshajifunika kanga anasubiri.

Kampuni wamenipa namba ya malalamiko, wanasema nisubiri siku tatu. Fundi hapokei simu, nitamfuata dukani Jumamosi. Antena ni ya kuazima, Fundi Rama, nichukue ya aina gani nikifika Kariakoo?