Wajitoleaji wanakaa wiki mbili: tuanze na paa au lipu?

Mratibu wa Misheni
Wakuu, salamu. Wajitoleaji 12 watakuwa hapa misheni kwa siku 14. Paa la bati la darasa linavuja kwenye misumari, na lipu ya nje inabomoka kuanzia chini mpaka usawa wa goti. Ukuta ni wa tofali za kuchoma zilizojengewa udongo. Wawili kati yao ni mafundi, wengine hawajawahi kushika mwiko. Tuanzie wapi?

Fundi Bati
Paa kwanza. Ila kabla mtu hajapanda, hakikisha ni bati kweli. Majengo mengi ya zamani ya misheni yaliezekwa asbesto: ya kijivu, nene, ukiigonga hailii kama chuma. Hiyo isitobolewe, isikatwe wala kusuguliwa kwa brashi. Vumbi lake linaua mapafu, tena baada ya miaka mingi. Waachie wenye ujuzi na vifaa.

Kama ni bati, jua kwamba hutanuka juani na kusinyaa usiku, hadi msumari unalegea. Kuugongelea uleule ni kazi bure. Ung'oe, weka skrubu nene zaidi yenye washa ya mpira, juu ya mgongo wa bati, si bondeni maji yanakopita. Kaza mpaka mpira uanze kubonyea, basi, ukizidisha unapasuka. Anayepanda akanyage mistari ya misumari tu, maana chini yake ndipo zilipo papi, yaani mbao zinazoshikilia bati. Papi iliyoliwa na mchwa haishiki skrubu, ibadilishwe.

Mwashi
Lipu inabomoka chini kwa sababu maji ya paa yanadondoka na kurukia ukuta. Bila gata, yaani mfereji wa ukingoni mwa paa, masika ijayo utairudia. Paa la mita 8 kwa 10, mvua ya milimita 20 tu inamwaga lita 1,600! Gata ishuke sentimita 1 kila mita 3 kuelekea kwenye tangi.

Kisha bandua lipu mbovu hadi sentimita 30 juu ya alama ya unyevu, kwangua udongo kwenye viungo kina cha sentimita 2, lowesha ukuta. Hapa ndipo wengi hukosea: wanaweka saruji nyingi wakidhani wanaimarisha. Lipu ngumu juu ya ukuta laini hubanduka kipande kizima. Changanya saruji 1, chokaa 1, mchanga 6, ukipima kwa ndoo, kwani koleo la huyu si sawa na la yule. Ukiona mchanganyiko umeanza kukaza, utupe, usiuongezee maji. Mwagilia siku 7.

Mratibu wa Misheni
Kwa hiyo lipu iishe ndani ya wiki ya kwanza?

Mwashi
Ndiyo, ili wenyewe waimwagilie. Wasiojua kazi wachekeche mchanga, wabandue lipu na kuchota maji. Rangi ya nje isubiri lipu ikauke kabisa, hata kama wageni watakuwa wameshaondoka. Achieni fundi wa kijijini makopo na brashi.