Kikundi cha Mtaa, Langoni: spika za harusi

Bi Zuhura: Asalaam aleikum. Spika za mtaa tumezitoa stoo kwa ajili ya harusi ya Ijumaa, moja haisemi kabisa na nyengine yakwaruza khrr khrr. Tukaazime?

Fundi Athmani: Waaleikum salaam bi. Msiazime kwanza. Swaleh upo hapo? chomoa nyaya za nyuma halafu chukua betri ya tochi uguse zile ncha mbili mara moja tu utoe

Swaleh: hii bubu hata haijashtuka ami. ile ya kukwaruza imelia tap! na ile karatasi yake ya mbele imeruka nje

Fundi Athmani: Basi spika yote ushaiona hiyo. Nyuma ya karatasi kuna koili ya waya mwembamba imekaa kwenye mwanya wa sumaku, umeme ukipita na koili inakuwa sumaku inasukumana na ile kubwa, ukigeuza umeme inavutwa ndani. Betri inasukuma mara moja basi, amplifaya inageuza umeme mara 50 hivi kwa sekunde kwenye besi na maelfu kwenye sauti nyembamba, karatasi inakwenda mbele nyuma inasukuma hewa. Isiyoruka koili yake imekatika

Mwanaisha: Imekatika au imekatwa 😏 si yule dijei alofungua sauti mpaka mwisho

Fundi Athmani: Na amplifaya yenyewe ndogo! Watu wadhani ndogo haiui spika. Ikizidiwa inakata vichwa vya mawimbi, sauti inapasuka, koili inapata moto inaungua. Ukisikia inapasuka punguza

Bi Zuhura: Na mbona honi ya mnarani ni ndogo na yasikika mpaka baharini

Fundi Athmani: Kazi ile ile bi, ila kile kibomba kinachopanuka kinaisaidia kuishika hewa vizuri. Lakini besi haina, taarab utaichukia

Swaleh: na hii ya khrr?

Fundi Athmani: Bonyeza karatasi taratibu kwa vidole vya mikono miwili. Ikisugua, mchanga au kutu imeingia kwenye mwanya, chumvi ya hapa hiyo

Swaleh: yasugua kweli

Fundi Athmani: Nipitie leo baada ya alasiri, nimebaki na koili moja ya kuvisha ile bubu. Na wakati wa kufunga hakikisheni nyekundu kwa nyekundu zote mbili, moja ikigeuka hii yasukuma ile yavuta, besi inapotea mtalaumu koili yangu

Mwanaisha: Sawa fundi, pesa atoe dijei