Waandaaji wa semina za Wikipedia: mlitupa fulana, adabu za mle ndani mkatuachia tujikwae nazo

Habari za jioni wanajukwaa. Wasimamizi, naomba uzi huu msiuhamishie jukwaa la teknolojia. Haya si mambo ya kompyuta.

Mwaka jana nilialikwa kwenye semina ya siku mbili ya kuhariri Wikipedia ya Kiswahili. Waandaaji siwataji, wakipita hapa watajijua. Kiyoyozi kilikuwepo, chai na sambusa zilikuwepo, projekta ipo, bando la bure, fulana nyeupe zenye maandishi kifuani. Tulifundishwa kufungua akaunti, kubofya "Hariri", kuweka picha, kuunganisha kurasa, kuhifadhi. Siku ya pili likatangazwa shindano: atakayeanzisha makala nyingi kuliko wenzake ndani ya mwezi anapewa simu. Tukapiga picha ya pamoja, tukasaini nauli, kwaherini.

Siku mbili nzima! Hakuna hata mmoja aliyefungua mdomo kutuambia kwamba mle ndani mna watu. Mimi niliondoka nikidhani Wikipedia ni daftari, unaandika unafunga. Kumbe ni baraza la watu lenye wenyeji wake, na wenyeji wana desturi zao, wengine wako pale tangu miaka ya mwanzo baada ya toleo la Kiswahili kuanza 2003. Sisi tukaingizwa kundi zima kwa mpigo, na viatu miguuni.

Mimi kwetu Pangani, mkoani Tanga, kwa hiyo usiku uleule nilikimbilia makala ya Pangani. Nikaandika kwa moyo wote: mji wa kihistoria uliobarikiwa mandhari ya kuvutia, wenye wakazi wakarimu kupita kiasi. Nikaongeza ya Abushiri, yule aliyeongoza vita vya watu wa pwani dhidi ya Wajerumani, kwamba walimnyonga pale 15 Desemba 1889, na nikaeleza mahali penyewe alipotundikwa, maana babu alinionyesha kwa kidole nikiwa mdogo. Nikalala usingizi wa mtu aliyefanya jambo.

Asubuhi nafungua, nyeupe. Zimebaki sentensi mbili tu. Nikarudisha. Robo saa, zimetenguliwa. Nikarudisha. Zimetenguliwa. Damu ikachemka, nikarudisha tena, na safari hii kwenye kile kisanduku cha muhtasari nikaandika "ACHENI WIVU".

Naomba niwaambie kitu kuhusu kile kisanduku, kwa sababu semina ilikiruka kana kwamba ni pambo. Ni mahali pa kuwaambia wenzako umebadilisha nini na kwa nini, kwa maneno matano sita, ili anayepita asilazimike kukufukunyua. Na ukishahifadhi hukigusi tena. Makala utairekebisha mara mia, ila muhtasari ulioandika unabaki kwenye historia ya ukurasa kama ulivyo, na jina lako pembeni yake. Mpaka leo mtu yeyote duniani akifungua historia ya ule ukurasa ataona mwalimu mzima wa sekondari anapiga kelele za wivu saa moja asubuhi.

Jamaa aliyekuwa akinitengua alikuwa amenieleza kila kitu kwa upole, tangu mara ya kwanza kabisa, kwenye ukurasa wangu wa majadiliano. Sikujua nina ukurasa wa majadiliano. Ile kengele yenye namba nyekundu pale juu nilidhani ni tangazo. Hebu fikirieni, mtu anazungumza nawe kistaarabu na wewe unamjibu kwa ngumi kwa sababu hakuna aliyekuambia kwamba una masikio.

Nilipougundua ujumbe wake nikaharibu zaidi. Badala ya kumjibu kwenye majadiliano, nikaenda kwenye ukurasa wake wa mtumiaji, ule anaojitambulishia, nikamwaga hasira zangu humo, herufi kubwa mwanzo mwisho, bila saini. Ni sawa na kwenda kuchora makaa kwenye ukuta wa sebule ya mtu. Mwingine akaja akayahamishia majadiliano, akaniwekea saini niliyoiacha, akaniandikia mstari mmoja: weka tilde nne (kile kialama cha wimbi, ~) mwishoni mwa maneno yako, programu itajaza jina na saa. Tilde nne! Nusu dakika ya kufundisha. (Na saa yenyewe itakuchanganya, maana ni ya UTC, yaani saa ya kimataifa, iko nyuma ya kwetu kwa saa tatu. Nilimgombeza mtu kwamba ananisingizia muda.)

Kisha nikaambiwa nipumzike. Kule kwenye Wikipedia ya Kiingereza kuna kanuni iliyoandikwa: ukitengua kazi za wenzako kwenye ukurasa mmoja zaidi ya mara tatu ndani ya saa 24, unaweza kufungiwa kuhariri, na kuwa sahihi hakukuokoi. Kwa mara ya kwanza kitu cha mle kikaniingia akilini bila kuelezwa, kwa sababu mtoto wa pwani yeyote amelelewa nacho. Unapiga hodi mara tatu. Usipoitikiwa unageuka, huvunji mlango. Sasa ilikuwa kazi gani kwa yule mtoa mada na projekta yake kutuambia hivyo? "Jamani, mle ndani ni hodi tatu, ukikataliwa nenda kwenye majadiliano mkazungumze." Ukumbi mzima ungeelewa kabla sambusa hazijapoa.

Ya maudhui sasa. "Mandhari ya kuvutia" na "wakazi wakarimu" nimekubali, yalistahili kuondoka. Mtu wa Bagamoyo ataandika hayohayo, wa Kilwa naye vilevile, na msomaji hatakuwa amejua lolote. Niliporudi baada ya wiki mbili niliandika kavu: mji uko mdomoni mwa Mto Pangani, maji yake yanatoka Kilimanjaro na Meru, mkonge uliingizwa nchini 1893 na Mjerumani Richard Hindorf, ikasalimika miche 62 tu, na ndiyo iliyozaa mashamba yote yale ya Tanga. Nikaweka kitabu nilichotoa hayo, na ukurasa wake. Hakuna aliyegusa hata nukta. Namba moja yenye chanzo imekaa pale kuliko sifa zangu zote.

Ila ya babu bado yananikera na sitajifanya yamekwisha. Tarehe ya kunyongwa Abushiri ilibaki kwa sababu iko vitabuni. Mahali alipoonyesha babu pakaondolewa, kwa kuwa babu si chanzo kilichochapishwa. Nimeielewa sababu. Ukiruhusu babu yangu, kesho atakuja mtu na babu yake anayesema alinyongwa ng'ambo ya mto, na mhariri aliyeko Arusha au Berlin ataamuaje? Lakini vitabu vya vita ile vingi viliandikwa na upande ulioshika kamba. Mwaka 2011 kulikuwa na mradi huko India na Afrika Kusini wa kurekodi wazee wakisimulia, ili sauti zao zitumike kama marejeo. Ukaleta mabishano makali na kanuni ikabaki palepale. Hili ndilo jambo la kufanyia semina ya siku mbili! Wazee wetu wanaondoka, andaeni watu wawarekodi, maelezo yachapwe hata kwenye jarida la chuo, ndipo mhariri apate pa kushika. Sisi tukafundishwa kupunguza ukubwa wa picha.

Na shindano. Mungu awasamehe na lile shindano. Ukiwaambia watu arobaini kwamba simu inakwenda kwa mwenye makala nyingi, umewaambia wachukue Kiingereza, wapitishe kwenye mashine ya kutafsiri, wabandike, wahamie nyingine. Nimezifungua baadhi. Kuna mwanasiasa "alikimbia kwa urais", masikini, sijui alifika. Kuna mto wenye "benki zote mbili" zilizofurika, msomaji atafikiri ni habari ya fedha. Mshiriki mmoja aliandika makala ya mkurugenzi wake, mwingine yake mwenyewe na picha ya harusi. Mwingine alinakili habari nzima ya gazeti neno kwa neno, na ukimwambia hakimiliki anasema "mbona nimetaja gazeti". Kutaja si ruhusa. Maandishi ya Wikipedia yanatolewa kwa leseni inayomruhusu kila mtu kuyatumia tena, hata kibiashara. Sasa wewe unagawaje shamba la jirani?

Wanaofagia ni nani? Wakabidhi, yaani wale wenye uwezo wa kufuta kurasa na kufungia watu, ambao kwenye Kiswahili ni wachache, na hakuna anayelipwa hata senti. Mtu anatoka kazini kwake, anakaa usiku kusahihisha "benki za mto" za watu arobaini wanaofukuzia simu moja. Halafu akiwa mkali kidogo tunasema anajidai mwenye mali. Mimi nilisema, tena kwa herufi kubwa.

Anayedhani natia chumvi akumbuke Wikipedia ya Kiskoti, lugha ya kule Uskoti. Agosti 2020 iligundulika kwamba sehemu kubwa ya makala zake, maelfu kwa maelfu, zimetoka kwa kijana mmoja wa Marekani asiyeijua lugha hiyo. Alianza akiwa mtoto, akichukua Kiingereza na kubadilisha neno moja moja. Hakuwa mwovu, alidhani anasaidia. Lugha ndogo haina wafagiaji wa kutosha, uchafu ukiingia unakaa miaka na watu wanauzoea kama ndiyo lugha yenyewe.

Ili nisionekane nawabeba wenyeji tu: wapo wanaong'ata. Desturi yao wenyewe inasema usimng'ate mgeni, na inasema uanze kwa kuamini kwamba mwenzako ana nia njema. Kuna mmoja, si yule wa Pangani, alimwekea dada tuliyekuwa naye semina alama ya kufuta dakika chache tu baada ya kuhifadhi aya ya kwanza, bila neno lolote. Yule dada alikuwa muuguzi, anaandika kuhusu surua kwa Kiswahili ambacho mama yangu angekielewa. Hajarudi tena. Nimempigia simu mara mbili, ananiambia "kaka, mimi sina muda wa kugombana na watu nisiowaona". Angalau angejua kuna ukurasa wa mazoezi ambapo makala hupikwa mpaka iive ndipo itolewe mezani, pengine tungekuwa naye leo. Hakuambiwa. Ana fulana.

Nimesikia mnaandaa nyingine mwezi ujao. Punguzeni hiyo saa ya picha ya pamoja.

NYONGEZA, saa nne usiku: Wanaosema "soma mwenyewe, kurasa za msaada zipo", sawa, zipo. Ungezitafutaje kama hujui unatafuta nini? Na @ wa juu hapo anayeniuliza kama nilimwomba radhi jamaa: ndiyo, kwenye majadiliano yake, herufi ndogo, na saini. Alijibu "hakuna shida, karibu tena", akaniuliza kama naweza kupiga picha ya boma la zamani la Pangani kwa sababu iliyopo ni hafifu. Nilipiga sita.

NYONGEZA 2: Nimefungua mabadiliko ya karibuni sasa hivi. Kuna mgeni ameandika kuhusu kata yao kwamba ina "vijana wachapakazi na hewa safi isiyo na mfano". Nawaacha kidogo, ngoja niwahi kumwandikia kwenye majadiliano yake kabla hajatenguliwa.